Elimu ya Nyumbani Ishikizwe Shuleni: Funzo la Vituo Shikizi kwa Wazazi wa Likombe

Kila mwaka inapoingia miezi ya Oktoba na Novemba, mambo mawili makubwa hukutana katika Mkoa wa Mtwara. La kwanza ni korosho, ambayo wakati huo huokotwa, hukaushwa, hupangwa kwa madaraja na kupelekwa maghalani kusubiri minada. La pili ni kalenda ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ambayo huweka upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na mtihani wa kidato cha nne katika majira hayohayo. Familia huhitaji mikono shambani wakati uleule ambao shule inamhitaji mtoto darasani kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Kwa kata kama Likombe, iliyo katika Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, na kwa vijiji vilivyo njiani kuelekea maingilio ya Mto Ruvuma, mkutano huo wa misimu huzaa swali ambalo haliwezi kujibiwa na mwalimu peke yake. Nani anamsimamia mtoto tangu kengele ya mwisho ya shule hadi jua kuzama, ilhali mzazi yuko shambani, sokoni, bandarini au baharini? Na nani anatambua mapema kwamba mtoto fulani ameacha kabisa kwenda shule, kabla jina lake halijafutika katika kumbukumbu za watu?

Jibu moja ambalo limekuwa likijitokeza sehemu nyingi duniani ni wazazi kuungana. Familia chache za jirani hukubaliana kupokezana zamu za kuwasimamia na kuwafundisha watoto wao, hutenga mahali na saa, hugawana vitabu na kazi. Katika nchi kama Marekani, ambako elimu ya nyumbani inaruhusiwa na sheria katika majimbo yote 50, vikundi vya namna hiyo huweza kuchukua nafasi ya shule. Ujerumani, kwa upande wake, humtaka kila mtoto awepo shuleni, na Januari 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kuwa hatua za nchi hiyo dhidi ya familia iliyokataa kuwapeleka watoto shule hazikukiuka haki ya maisha ya familia. Kati ya njia hizo mbili, Tanzania ina sheria yake, historia yake na mfano wake, na mfano huo ni kituo shikizi.

Sheria inamtaka mtoto aonekane shuleni

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, iliyotungwa mwaka 1978, inamtaka kila mtoto aliyetimiza umri wa miaka saba na ambaye hajafikia miaka 13 aandikishwe katika elimu ya msingi, na inamtaka aliyeandikishwa ahudhurie. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeongeza uzito wa wajibu huo kwa kuweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani sita ya elimu ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Tangu Januari 2016 utaratibu wa elimu bila ada umeondoa ada katika shule za umma za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na baadaye utaratibu huo ukafikishwa kidato cha tano na cha sita.

Maana yake kwa mzazi wa Likombe ni nyepesi kueleweka. Kikundi cha wazazi kinachomwondoa mtoto wa umri wa elimu ya msingi katika shule iliyosajiliwa, hata kwa nia njema, kinamweka mzazi upande usio sahihi wa sheria. Aidha, kinamnyima mtoto kitu ambacho upendo wa mzazi hauwezi kukitoa, nacho ni namba ya mtahiniwa. Mtoto anaweza kufundishwa nyumbani akajua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri kuliko wenzake. Lakini njia ya kwenda sekondari hupitia katika daftari la shule, na aliyekosekana katika daftari hilo hukosekana pia katika orodha ya kuchaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza.

Hata hivyo, sheria haijafunga mlango wa juhudi za wazazi. Mtoto hukaa shuleni sehemu tu ya siku. Saa zilizobaki, siku za mapumziko na wiki za likizo ni mali ya familia. Ni katika saa hizo ambapo kikundi cha wazazi kinaweza kufanya kazi kubwa bila kugongana na chombo chochote cha dola.

Kusini imewahi kujifunza kwa vikundi

Wazo la watu kukusanyika nje ya darasa rasmi kwa ajili ya kujifunza si geni nchini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio, vitabu na vikundi vya kujifunzia. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki katika muda wa wiki 12. Wakulima na wavuvi walikaa chini ya miti, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Kilichozifanya jitihada hizo zifanikiwe ni mpangilio: kila kikundi kilikuwa na kiongozi anayejulikana, ratiba, kijitabu na kazi ya kutimiza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaanzishwa Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa Tanzania, unaojulikana kwa kifupi kama MEMKWA. Wilaya ya Masasi, iliyo ndani ya Mkoa huuhuu wa Mtwara, ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kwa majaribio. Mpango huo uliwalenga watoto wa miaka 11 hadi 13 na vijana wa miaka 14 hadi 18 ambao hawakuwahi kuandikishwa au waliacha shule njiani. Jamii zilishiriki kuwatambua watoto hao na kutafuta mahali pa kusomea, na walimu wenye taaluma walifanya kazi bega kwa bega na wawezeshaji kutoka katika jamii zenyewe. Lengo kwa wale wadogo lilikuwa kuwarejesha katika mfumo rasmi baada ya kupimwa. MEMKWA, kwa maneno mengine, ilijengwa kama daraja, na daraja hupimwa kwa idadi ya wanaovuka.

Mfano wa tatu ni wa karibuni zaidi. Katika maeneo mengi ambako shule ziko mbali au njia hukatwa na maji wakati wa masika, wananchi wamekuwa wakianzisha vituo shikizi. Huanza na darasa la miti na makuti, mwalimu wa kujitolea na watoto wadogo wasioweza kutembea umbali mrefu. Kituo hakijitegemei; huwekwa chini ya shule mama iliyosajiliwa, na watoto wake huhesabiwa katika shule hiyo hadi kituo kitakapotimiza vigezo vya kusajiliwa. Kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliotekelezwa kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ilijenga madarasa 15,000, ambapo 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 yalielekezwa katika vituo shikizi. Kile kilichoanzishwa na wazazi kwa makuti kikakamilishwa kwa tofali na bati.

Jina la vituo hivyo lina funzo lake. Fundi cherehani hushikiza kitambaa kwa uzi mwepesi kabla ya kukishona, ili vipande visihame mahali pake wakati kazi kubwa inasubiriwa. Uzi huo si mshono wa mwisho, lakini bila huo nguo hupinda. Kikundi cha wazazi kinachotaka kudumu Likombe kinapaswa kuwa uzi wa aina hiyo: kimshike mtoto mahali pake, na upande wa pili kishike shule.

Kuanza na orodha, kisha zamu

Makosa ya vikundi vingi vya hiari huanza siku ya kwanza, pale watu wanapochagua jina, mwenyekiti na kiwango cha mchango kabla ya kujua wanamhudumia nani. Kwa kikundi cha elimu, kazi ya kwanza ni orodha. Wazazi wa mtaa mmoja, wakishirikiana na Mwenyekiti wa Mtaa na Mtendaji wake, wanaweza kuandika jina la kila mtoto wa eneo lao, umri, darasa na shule anayosoma. Orodha hiyo itaonesha mambo mawili: watoto walio shuleni wanaohitaji msaada, na watoto wasioonekana katika shule yoyote. Wa kundi la pili ndio wa kushughulikiwa kwanza, hasa kwa kuwa zoezi la kuandikisha darasa la awali na la kwanza huanza katika miezi ya mwisho ya mwaka, wakati macho ya wengi yapo kwenye korosho.

Hatua ya pili ni kikao na mwalimu mkuu wa shule ya karibu pamoja na Afisa Elimu Kata. Kikao hicho kina faida ya pande zote. Shule inawapa wazazi ufahamu wa mada zinazofundishwa na wanafunzi wanaolegalega. Wazazi wanaipa shule orodha na taarifa za nyumbani. Pale ambapo Kamati ya Shule na ushirikiano wa wazazi na walimu (UWAWA) viko hai, kikundi hakina haja ya kujenga uongozi mwingine mrefu. Kinatosha kuwa mkono wa vyombo hivyo mtaani.

Hatua ya tatu ni zamu, na hapa hesabu ndogo husaidia. Familia nane zikikubaliana kukutana siku nne kwa wiki, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na kila siku wakawepo watu wazima wawili kutoka familia mbili, kila familia itatoa alasiri moja tu kwa wiki. Huo ni mzigo unaobebeka. Saa mbili zinatosha, mradi zipangwe kwa kuheshimu muda wa madrasa, ambao kwa watoto wengi wa pwani ni sehemu ya kila siku, na muda wa kazi halali za nyumbani.

Msimu wa korosho unahitaji mpango wake. Familia zisizo na mashamba, au zilizobaki mjini, zinaweza kubeba zamu nyingi zaidi Oktoba na Novemba, na familia zilizokuwa shambani zikazilipa zamu hizo kati ya Januari na Aprili. Ujima wa namna hiyo wazee wa Kusini wanaujua tangu zamani katika kulima na kujenga; kinachobadilika ni kwamba deni linaandikwa daftarini na linalipwa kwa alasiri.

Yatakayofanyika katika saa hizo hayahitaji utaalamu mkubwa. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, ambao mtaala wao umejikita katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kila mtoto asome kwa sauti mbele ya mtu mzima walau dakika tano kila siku. Kwa wakubwa, kazi za nyumbani zikamilishwe na maswali magumu yaandikwe ili mwalimu ayajibu kesho yake. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo, hivyo simu janja moja ya mzazi inaweza kuziba pengo la kitabu kilichokosekana.

Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake. Anaweza kuita majina, kutunza utulivu na kumsikiliza mtoto akisoma. Mtoto anayesomea bibi yake habari nzima hujifunza mara mbili, kwa kusoma na kwa kueleza. Bibi huyo pia ana hazina ya hadithi. Kwa watoto wanaotoka vijijini wakizungumza Kimakonde, Kiyao au Kimakua nyumbani, kusikia hadithi ileile katika lugha ya nyumbani na kisha katika Kiswahili ni maandalizi mazuri ya lugha ya darasani.

Daftari la ushirika

Wakazi wa Mtwara hawahitaji kufundishwa ushirika kutoka mbali. Mfumo wa stakabadhi ghalani katika korosho ulianza mkoani humo mwaka 2007, na tangu hapo wakulima wamezoea kupima, kupewa stakabadhi, kusubiri mnada na kuhoji hesabu katika mkutano mkuu wa chama chao cha msingi. Wamejifunza pia, wakati mwingine kwa uchungu, kwamba chama kisichoandika hufa kwa minong'ono.

Nidhamu hiyo inahamishika. Kikundi cha elimu kinahitaji madaftari matatu: la mahudhurio ya watoto, la zamu za wazazi na la fedha, hata kama fedha yenyewe ni ya chaki na sukari ya uji. Madaftari yasomwe mbele ya wanachama wote kila mwisho wa mwezi. Misingi saba ya ushirika inayotambuliwa kimataifa inaweka elimu, mafunzo na habari kuwa msingi wa tano, na waasisi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza mwaka 1844, walifika mahali pa kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Chama cha msingi cha korosho kinachonunua vitabu kwa kikundi cha watoto wa wanachama wake kitakuwa kinatembea katika njia iliyokwisha kupitwa.

Iwapo wazazi watataka kwenda mbali zaidi, ni vyema wajue mipaka. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Shule husajiliwa na Kamishna wa Elimu. Kijana aliyepita umri wa elimu ya msingi na kukosa sekondari ana njia ya Mtihani wa Maarifa na baadaye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inatoa mwongozo wa njia hizo. Kikundi kinachojua mlango sahihi humpeleka mtoto mahali sahihi, badala ya kumzuia kwa nia njema.

Hatari zinazohitaji kuonekana mapema

Hatari ya kwanza ni kikundi kugeuka tuisheni. Mara mchango unapokuwa sharti la kuingia, mtoto wa mama asiye na kipato hurudi barabarani, na yeye ndiye aliyehitaji zamu ile kuliko wote. Mchango ubaki wa hiari, na asiye na fedha atoe muda wake.

Hatari ya pili inahusu usalama. Mahali ambapo watoto hukusanyika pana watu wazima, na si kila mtu mzima anafaa. Kanuni ya watu wazima wawili kwa kila zamu, mahali pa wazi panapoonekana na wapita njia, na watoto kurejea nyumbani kabla ya giza, isilegezwe kwa ajili ya mtu yeyote hata awe na heshima kiasi gani mtaani. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo, iandikwe ukutani mahali ambapo mtoto mwenyewe anaweza kuisoma.

Hatari ya tatu ni kikundi kumtegemea mtu mmoja mwenye moyo. Siku atakapohama, kila kitu huhama naye. Zamu na madaftari ndiyo dawa yake.

Hatari ya nne, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kikundi kuwa kisingizio. Mzazi anaweza kusema mtoto wake anasoma kikundini, hivyo siku tano za kuokota korosho hazina madhara; na mtendaji anaweza kuridhika kwamba wazazi wamejipanga, hivyo upungufu wa madarasa au walimu usubiri. Kauli zote mbili zina madhara kwa mtoto yuleyule. Kikundi hakimwondolei mzazi wajibu wa kumpeleka mtoto shule, wala hakiiondolei Serikali wajibu wa kuiweka shule hiyo karibu, ikiwa na mwalimu na dawati.

Uzoefu wa mwaka 2020 unaonesha umuhimu wa jambo hili. Machi 17 mwaka huo Serikali ilitangaza kufunga shule kutokana na janga la UVIKO-19, na wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Juni 29. Vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni, lakini redio haimuulizi mtoto kama ameelewa. Kwa zaidi ya miezi mitatu, tofauti kati ya watoto ilitegemea sana kama kulikuwa na mtu mzima wa kukaa nao. Jamii yenye vikundi vilivyokwisha kuzoea zamu ingelikabili pengo kama hilo ikiwa na pa kuanzia.

Mkono mmoja haulei mwana, na Likombe ina mikono mingi. Kipimo cha kikundi chochote kitakachoanzishwa huko hakitakuwa idadi ya vikao wala uzuri wa jina lake. Kitapimwa Januari, shule zinapofunguliwa, kwa kulinganisha orodha iliyoandikwa mtaani na daftari la mahudhurio la mwalimu. Kila jina lililopo katika orodha ya kwanza na kukosekana katika la pili ni mtoto mmoja wa kufuatwa nyumbani siku hiyohiyo, kabla uzi haujakatika.